Pacha wa Chumbani Mwangu

Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akitunza kwenye kompyuta orodha ya watoto wa kliniki: nani kachanjwa, nani bado. Mkubwa wake alimpa mwezi mmoja alinganishe njia mbili za kuihifadhi. Ya kwanza ni kupanga kwa kampuni, yaani tuilipe kodi, nayo iitunze kwenye mashine zake huko iliko. Ya pili ni pacha: mashine zetu mbili, moja kliniki, nyingine chumbani mwangu, na kila kinachoandikwa kule kinajiandika na huku.

"Bibi, moja ikifa," fundi aliyezifunga alijisifu, "nyingine inachapa kazi kama haikusikia msiba."

Sasa, chumba changu kina soketi moja. Nikitaka kupiga pasi sare za mjukuu namchomoa pacha, nikimaliza namrudisha. Sikumwambia mtu. Dakika kumi ni kitu gani? Jumatano nilipomaliza, jirani akaniita kibarazani, maneno yakakolea. Sikumrudisha.

Alhamisi jioni nikamsikia mjukuu sebuleni akipiga kelele kwenye simu: umeme umepanda, mashine ya kliniki imeungua! Nikakimbia kuchomeka. Miguu hii, ya kupanda ngazi kwa kupumzika, siku hiyo ilikimbia.

Alipomfungua pacha, watoto thelathini na wanane hawakuwamo.

"Fundi katuuza," akasema. "Pacha wake kalala tangu jana! Kesho namwandikia mkubwa wangu kwamba pacha hafai, na fundi asiguse tena mashine zetu."

"Labda mashine ilichoka."

"Mashine hazichoki, Bibi. Wanaochoka ni watu."

Nikaenda kukunja sare.

Asubuhi fundi akaja, akakaa sakafuni chumbani mwangu akifungua skrubu moja moja, jasho linamtiririka. Nikampa chai.

"Asante, Bibi. Wewe ndiye pekee usiyenigombeza. Sijui nimekosea wapi."

Asante ile ilinichoma kuliko pasi.

"Hujakosea, mwanangu. Nilimchomoa mimi, nipige pasi. Nikasahau."

Mjukuu alikuwa mlangoni, karatasi yake mkononi. "Sare hii niliyovaa?"

"Hiyo hiyo."

Fundi akacheka peke yake. "Nilijikinga na radi, nikajikinga na panya. Bibi sikumhesabu!"

Mjukuu hakucheka. Alikaa kitandani kwangu, akafuta jina la fundi, akaandika upya. "Fundi hana kosa," akasema bila kuniangalia. "Lakini tunapanga kwa kampuni. Kitu kinachouawa na pasi hakiwezi kutunza watoto wa watu."

Jumatatu nilikwenda kliniki. Kina mama wa wale watoto thelathini na wanane walikuwa wameitwa warudi na kadi, waandikwe tena. Mmoja alikuwa anapekua mkoba huku mtoto akilia.

"Wametupotezea kwa uzembe tu," akaniambia.

Nikampokea mtoto, nikambembeleza mpaka kadi ikaonekana.

"Mungu akuweke, Bibi."

 Nikamgeukia mama wa pili, nikanyoosha mikono nimpokee wake.