Zamu ya Bathsheba

"Haya, kiongozi, tuingie wapi?" Bathsheba aliuliza, kapu kichwani. "Au leo pia tuulizane mpaka jua lizame?"

Wanawake walicheka, visu vidogo vya kuvunia wimbi viganjani.

Orpah hakucheka. Huu ulikuwa mwezi wake wa pili kuongoza egesangio, kikundi chao cha kusaidiana shambani kwa zamu. Walimchagua kwa wepesi wa mkono. Ulimi wake hakuna aliyeupima. Wiki iliyopita, shambani kwa Kemunto, alisema, "Labda tungeanzia chini, mnaonaje?" Nusu wakashuka, nusu wakabaki juu wakibishana. Mvua ya mawe ilipofika saa nane, masuke ya katikati yalikuwa hayajaguswa. Yalimwagika yote matopeni. Kemunto hakumlaumu. Alizoa matope kwa ungo, akaenda mtoni kuyachuja, punje kwa punje. Afadhali angemtukana.

Leo ilikuwa zamu ya Bathsheba, mke wa karani wa chifu. Tangu alfajiri alikuwa amepika uji na viazi vya kikundi kizima. Lakini ng'ambo ya korongo, kwa Esnah, masuke yalikuwa yamekauka hadi kupasuka. Zamu ya Esnah ilikuwa keshokutwa. Mumewe, Joash, alichukuliwa vitani, na barua yake ya mwisho ilikuwa ya miezi saba nyuma. Watoto wanne, shamba moja.

Orpah alikata suke moja la Bathsheba, akalifikicha. Punje zilimpakaa maji meupe kiganjani. Akatazama upande wa mlima Manga. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima, zito, tumbo jeupe.

Neno "labda" lilimfikia kooni. Akalimeza.

"Leo tunavuna kwa Esnah," alisema. "Masuke ya hapa bado yana maziwa. Mawe yakiyapiga, yatalala, halafu yatainuka. Ya Esnah yatamwagika. Kemunto, chukua wenzako tisa, anzeni juu. Waliobaki, chini pamoja nami. Tutakutana mtaroni, katikati."

Hakuna aliyecheka.

"Zamu hairukwi," Bathsheba alisema. "Hata mama mkwe wako, aliyeongoza miaka yote ile, hakuwahi kuiruka. Na uji wangu niwape ng'ombe?"

"Uji tutaubeba. Zamu nimeiruka mimi, si kikundi. Shamba lako lisipoinuka, utavuna langu."

"Kipande gani?"

"Lote."

Esnah aliinua kichwa. Watoto watano wa Orpah walilishwa na shamba hilo hilo; kila mtu pale alijua.

"Unasema mbele ya hawa wote?" Bathsheba aliuliza.

"Mbele yao."

Bathsheba aliinama akashika sikio moja la chungu cha uji. "Basi shika huku, mama. Na kesho usije ukaniambia ulikuwa unatania."

Walivuna bila wimbo. Shingo ya suke, kisu, kapu. Kemunto aliwafokea waliotaka kunyoosha migongo. Mahali walipozoea kuuliza "na huku je?", Orpah alinyoosha mkono tu, nao wakaenda. Makundi mawili yalikutana mtaroni radi ya kwanza ilipopiga, na kapu la mwisho liliingia ghalani kwa Esnah likifuatwa na mawe, yakirukaruka uani kama maharagwe kwenye kikaango.

Hayakudumu hata muda wa kumaliza kibuyu cha uji. Yalipokoma, Esnah alikuwa bado amesimama mlangoni pa ghala, mikono imefunika mdomo. Orpah hakungoja shukrani. Alivuka korongo, Bathsheba nyuma yake.

Shamba la Bathsheba lilikuwa limelala lote, jeupe kwa barafu. Orpah alichuchumaa. Aliingiza kidole chini ya bua moja, akalipangusa matope, akaliinua taratibu mpaka likasimama, kisha akaondoa kidole.

Bathsheba alitua kapu lake, akachuchumaa naye kutazama.