Si Taya la Ndama

Dakta Mwiti, mkuu wa maabara yetu ya visukuku mjini Garissa, alikuwa ameshaandika kibandiko: "Taya la chini, ndama." Kilibaki kubandikwa tu. Kingebandikwa, kazi yangu ya miaka mitatu ingeingia kwenye droo, na taya nililolichimbua kwa mikono yangu katika vilima vya Mandera lingehesabiwa kuwa la mtoto wa dinosaria mla majani aliyejulikana zamani. Mimi nilisema ni aina mpya. Nilisema hadi sauti ikanikauka.

Ubishi ulikuwa juu ya meno. Dinosaria yule anayejulikana ana matundu ishirini ya meno kila upande. Wangu ana kumi na mawili. "Khadra, meno huongezeka mnyama akikua," Dakta Mwiti aliniambia kwa ile sauti yake ya kubembeleza inayonichemsha damu. "Huyu alikufa mdogo. Kesho tunapeleka ripoti." Ni mtu mwema, na hana choyo cha chai, lakini akishaamua jambo, heri useme na ukuta.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na kila Jumatano mama yangu, Timiro, yuko soko la mifugo la Garissa, akiuza ngamia. Alipita maabara kuniletea maziwa, akanikuta macho yamevimba. Nikamweleza yote, kisha nikamkabidhi taya. "Haya, Hooyo, wewe unayefungua midomo ya ngamia kutwa, tazama meno uniambie umri."

Hakuyatazama. Aliligeuza taya, akalilowesha kwa mate, akapitisha ukucha kwenye mfupa polepole.

"Mama, hicho ni kielelezo!" Dakta Mwiti aliruka kutoka kitini pake.

"Bole bole, daktari," mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe nahesabu meno. Meno nadanganya. Mtu nachukua tuba ya kunoa kisu, nakwangua, ngamia mzee nakuwa kijana. Mimi walinidanganya hifyo mara moja tu. Lakini mfuba hakuna mtu nakwangua. Ya mtoto iko na fitundu fitundu kama anjera, ile chabati yetu. Hii imefunga. Hii mzee, wallahi."

Niliona aibu, kusema kweli. Nimesoma miaka yote hiyo, na mimi pia nilikuwa nimeyakodolea macho meno tu.

Dakta Mwiti alitabasamu. "Mfupa huu umegeuka jiwe, mama. Hata vitundu huziba."

"Basi tuukate tuone ndani," nikasema.

Tabasamu likamtoka. "Taya ni hili moja tu duniani. Ukikosea, utajieleza mwenyewe."

"Nitajieleza."

Nilikata kipande chembamba nyuma ya meno, nikakisugua hadi mwanga ukapenya, nikakiweka chini ya hadubini. Mfupa wa namna hii huacha mstari kila mwaka, kama mti. Mnyama akiwa bado anakua, mistari huachana. Akishakomaa, ile ya mwisho hubanana ukingoni. Nikahesabu: tisa, kumi, kumi na moja. Kisha pale ukingoni, mitatu imebanana hata sikuweza kuitenganisha vizuri. Alikuwa amemaliza kukua. Meno kumi na mawili ndiyo aliyokuwa nayo, na asingeota mengine ya kuzidi hayo.

Nilipiga vigelegele humo humo maabarani. Mama akanipokea bila kuuliza sababu.

Dakta Mwiti aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Alipoinuka alivua miwani. "Amekomaa," akasema. "Amekomaa kabisa. Khadra, una aina mpya, na mimi nilitaka kuifungia kwenye droo." Akachana kile kibandiko chake vipande viwili, akanipa kipya na kalamu. "Andika wewe. Jina ni lako kutoa."

Niliandika jina la mama. Machozi yalinidondoka juu ya wino na sikujali. Nikamsomea kwa Kisomali: huyu ni aina mpya, na ulimwengu mzima utamwita Timiro.

Mama alikichukua kibandiko, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akauliza, "Alikuwa dume au jike?"

"Hatuwezi kujua, Hooyo."

"Jike," akasema, akimkazia macho Dakta Mwiti. "Daktari, andika jike."

Dakta Mwiti alifungua mdomo abishe, akanitazama, kisha akaichukua kalamu.