Hapa Hajaumia Mtu

Kufikia saa nne asubuhi Sajini alikuwa ameshasikia maneno "sina swali, nashukuru" mara tano, na mara zote tano Afisa Utumishi alitabasamu na kuandika alama tano kati ya tano.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza moja ndefu, katika chumba cha juu cha kituo cha zimamoto. Katikati alikaa Afisa Utumishi, mwenyekiti wa usaili, aliyetoka makao makuu na shati lililopigwa pasi mpaka likawa gumu kama kadibodi. Kushoto kwake alikaa Inspekta, kijana msomi aliyekuwa akikubali jambo hata kabla halijamaliza kusemwa. Kulia alikaa Sajini, aliyeitwa pale kuuliza maswali ya kazi yenyewe: mpira wa maji unakunjwaje, mtu aliyezimia anabebwaje, ukiona moshi mweusi unatoka chini ya mlango unafanya nini. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Mkono wake wa kushoto, ulioungua miaka miwili nyuma na kupona kwa makunyanzi, aliuficha chini ya meza kwa mazoea.

Nafasi zilikuwa nne, waombaji kumi na mmoja. Chini kabisa ya fomu ya alama paliandikwa: msailiwa apewe nafasi ya kuuliza, alama tano. Sajini aliona hiyo ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote. Mtu anayetaka kuingia kwenye nyumba inayowaka ana haki ya kujua atavaa nini, ataingia na nani, na akianguka nani atamtoa. Lakini Afisa Utumishi alikuwa na tafsiri yake.

"Asiye na swali ameelewa," alisema baada ya mwombaji wa pili. "Huyo ndiye tunayemtaka. Kazi yetu ni ya amri."

Sajini alinyamaza. Siku hizi alikuwa bingwa wa kunyamaza.

Mwombaji wa sita alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba hivi, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Alivaa buti za kazi zilizong'arishwa kwa kiwi, na mikono yake ilikuwa na vidoa vidogo vyeusi vya cheche. Maswali ya Sajini aliyajibu bila kubabaika. Kuhusu moshi wa chini ya mlango, alisema kwanza angeugusa mlango kwa mgongo wa mkono.

"Kwa nini mgongo?" Sajini aliuliza, ingawa alijua.

"Kiganja nitakihitaji cha kushikia nikitafuta pa kutokea."

Sajini akaandika kumi, akaipigia mstari.

"Basi," alisema Afisa Utumishi, akifunga kalamu. "Una swali, au umeelewa?"

"Nina matatu." Fundi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

Kalamu ikafunguliwa tena, taratibu.

"La kwanza. Mkiniajiri, miezi ile ya mwanzo nitaingia kwenye moto chini ya nani? Nataka kujua kama ni mtu, au ni jina tu kwenye ratiba."

Inspekta akamjibu kwamba kila askari mpya hupangiwa mzoefu mmoja. Fundi akaandika.

"La pili. Hii mitungi ya hewa mnayovaa mgongoni inapimwa kila baada ya muda gani, na ninaweza kuliona daftari la vipimo?"

"Hayo ni mambo ya ndani," alisema Afisa Utumishi.

"Ndani ndiko nitakakokuwa," fundi akasema. Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayesahihisha kipimo cha geti. Kisha akasoma la mwisho. "Mtu wa mwisho kuumia kazini hapa aliumia vipi, na baada yake mlibadilisha nini?"

Afisa Utumishi akaegemea kiti. "Hapa hajaumia mtu. Kituo hiki hakina rekodi hata moja ya askari kuumia."

Bahati mbaya, au nzuri, Sajini alikuwa ametoa mikono yote miwili kukusanya karatasi zake. Fundi akautazama ule mkono wa kushoto. Akamtazama Sajini usoni. Akangoja. Sajini akaurudisha mkono chini ya meza, akaendelea kumtolea macho.

Fundi akakunja karatasi yake. "Nashukuru kwa muda wenu," akasema, akatoka.

Afisa Utumishi akaandika sifuri, kubwa, ya duara. "Mmemwona? Kazi hajapata, tayari anataka daftari. Huyu akiingia atatuharibia wengine. Na bado ni mwanamke."

Inspekta akacheka kwa pua.

Miaka miwili nyuma, mchana wa jua kali, ghala la rangi lilishika moto. Sajini aliingia na mwenzake ambaye kituo kizima kilimwita Pacha, kwa sababu wawili hao waliajiriwa siku moja na tangu hapo hawakuonekana mmoja bila mwingine. Geji ya mtungi wa Pacha, kile kipimo cha hewa iliyobaki, ilionyesha nusu, kumbe hewa ilikuwa inakaribia kwisha. Geji ile ile Sajini alikuwa ameiandika kuwa mbovu kwenye daftari la vifaa mara tatu, kwa tarehe na saini, na mara tatu hakuna aliyeshughulika. Pacha alianguka kati ya mapipa. Mkanda wake ulikuwa umenasa kwenye chuma, na glavu ni nene, haifungui kifungo. Sajini akaivua. Hivyo ndivyo mkono ulivyokwenda. Mapafu ya Pacha nayo hayakurudi kama yalivyokuwa: siku hizi akitoka kitandani kwenda mlangoni hupumzika njiani.

Wiki tatu baadaye huyu huyu Afisa Utumishi alikuja na ripoti iliyokwisha chapwa. Ilisema Pacha amestaafu kwa ombi lake mwenyewe. Geji haikutajwa popote. Mkono wa Sajini haukutajwa. "Weka saini, Sajini," alisema siku ile. "Tusiwape watu maneno. Wewe utabaki kazini, maisha yaendelee." Na Sajini, aliyekuwa na watoto wawili shuleni na mkono mmoja kwenye bandeji, aliweka saini.

Kwa hiyo maneno yale, kwamba hakuna rekodi, yalikuwa kweli tupu. Ndicho kilichomchoma. Uongo ulikuwa umepikwa ukaiva mpaka ukawa kweli, na yeye ndiye aliyeshika mwiko.

"Andika tano," akasema.

Afisa Utumishi akageuka. "Nini?"

"Huyo binti. Fomu inasema apewe nafasi ya kuuliza. Ameuliza. Wale watano hawakuuliza chochote na umewapa zote. Mpe na yeye."

"Sajini, mwenyekiti ni mimi."

"Na aliyeungua ni mimi." Akauweka mkono juu ya meza, juu ya fomu ile ile yenye sifuri. "Hapa hajaumia mtu. Huu ni mkono wa nani, bwana? Nimeuazima?"

Inspekta akaacha kucheka. Afisa Utumishi akashusha sauti, akawa mpole ghafla, upole wa kutisha. "Ile ripoti ina saini yako. Ukifungua mdomo, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

"Niulizwe," alisema Sajini. "Miaka miwili nangoja kuulizwa, hakuna aliyeniuliza. Leo ameuliza mtu ambaye hata kazi hana, nami nimekaa nimemtolea macho kama samaki."

Akainuka, akatoka.

Kwenye korido waombaji watano waliobaki walikuwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Fundi alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Binti," Sajini akamwita. "Swali lako la tatu halikujibiwa. Rudi nikujibu."

Akarudi, akasimama mbele yake. Sajini akamweleza yote, pale pale, wote wakisikia: ghala, geji, mapipa, glavu, ripoti. Saini yake hakuiruka. Hakupamba wala hakupaza sauti. Alipomaliza, fundi akakunjua karatasi yake tena.

"Na baada yake mlibadilisha nini?"

"Geji moja. Mitungi mingine kumi na mmoja iko vile vile. Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayeifuta vumbi."

Kijana mmoja kwenye benchi, mwoka mikate, akaangalia bahasha yake kwa muda. "Mama yangu ana mimi peke yangu," akasema, si kwa mtu yeyote, akashuka ngazi. Hakuna aliyemcheka. Wanne waliobaki hawakuondoka.

Afisa Utumishi alikuwa mlangoni, amevimba. "Anayefuata," akasema.

Aliyefuata alikuwa dereva wa trekta, mtu wa maneno machache. Sajini akarudi kitini kwake na kumsaili kama kawaida. Mwisho, Afisa Utumishi akamuuliza haraka haraka, "Huna swali, sivyo?"

"Ninalo. Lile la mitungi. Na mimi nataka kuliona hilo daftari."

Baada yake akaja muuguzi wa zahanati, binti mwembamba mwenye sauti ndogo. Akaomba radhi kwanza, kisha akauliza jambo lile lile, akaongeza lake: kama kuna ambulansi ya askari wenyewe. Wa tatu, hata kabla hajaketi, akasema, "Naomba nianze na swali." Afisa Utumishi akafunga jalada kwa kishindo, akatangaza kwamba usaili umeahirishwa, akachukua mkoba wake. Alipopita nyuma ya Sajini alisema kwa kunong'ona kwamba atajuta. Sajini akamwambia kujuta ameshajuta, imebaki kufanya kazi.

Wakabaki wawili. Inspekta akafunga mlango.

"Sajini, ni kweli ni kumi na mmoja?"

"Twende ukahesabu mwenyewe."

Wakashuka stoo. Inspekta alifungua mtungi mmoja baada ya mwingine na kuugonga kila uso wa geji kwa ukucha. Mishale saba haikutikisika. Aliandika namba za mitungi yote saba kwenye kiganja chake, maana daftari lake alilisahau juu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akilala kwenye nyumba isiyo na ukuta wa nyuma.

Mchana ule Sajini aliandika maelezo, kurasa mbili kwa mkono. Akatoa nakala za zile kurasa tatu za daftari la vifaa. Lakini kabla ya kuyapeleka kokote alikwenda nayo nyumbani kwa Pacha.

Mke wa Pacha alikuwa akikunja nguo. "Shemeji, leo si Jumapili. Kuna nini?"

Sajini alikaa karibu na kitanda cha Pacha, akasoma kwa sauti kuanzia mwanzo. Alipofika kwenye ripoti na saini yake, shati lililokuwa mikononi mwa yule mama likaacha kukunjwa.

"Kwa hiyo unakuja hapa kila Jumapili," alisema polepole, "unakula kwangu, unacheza na wanangu, na unajua."

"Ndiyo."

"Nimezunguka maofisi mwaka mzima naambiwa mume wangu aliacha kazi mwenyewe, kwa hiari yake. Mara mbili ulinisindikiza, shemeji. Ulinishikia mwavuli. Ulikaa nami kwenye foleni ukaniambia tuvumilie."

Sajini angeweza kutaja watoto wake na zile bandeji, lakini yule mama naye alikuwa na watoto.

Pacha akainua mkono kidogo, mke wake akanyamaza. "Soma tena pale uliponitoa," akasema kwa pumzi fupi fupi.

"Nilimfikia baada ya dakika nne."

"Saba."

"Niliona kama nne."

"Wewe ulikuwa unanitafuta. Mimi nilikuwa nahesabu." Akapumzika. "Andika saba."

Sajini akakata nne, akaandika saba, akaweka saini pembeni ya alipokata. Pacha akafumba macho. Hakumpa mkono, wala hakumwambia amemsamehe. Mke wake alifungua mlango, akangoja Sajini atoke, akaufunga.

Kesho yake maelezo yalifika kwa Mkuu wa Kituo, na nakala makao makuu, pamoja na barua fupi ya Inspekta yenye namba saba za mitungi. Yaliyofuata yalichukua miezi mitano. Sajini aliitwa mbele ya kamati mara tatu. Alipewa onyo la maandishi kwa kusaini ripoti ya uongo, akalikubali, akaondolewa kwenye gari la kuzima moto na kupewa kazi ya kukagua mabomba ya zimamoto yaliyo kando ya barabara, na bisibisi na chupa ya mafuta. Jalada la Pacha lilirekebishwa. Sasa linasema aliumia kazini, na hospitali inampokea kwa msingi huo. Mitungi ilikuja mipya, minane badala ya kumi na miwili.

Usaili ulirudiwa chini ya mwenyekiti mwingine. Fundi wa kuchomelea alishika nafasi ya pili. Kabla ya kusaini mkataba aliomba aonyeshwe daftari la vipimo, akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama, na mtu wa utumishi akangoja.

Afisa Utumishi alihamishiwa ofisi nyingine, yenye dirisha kubwa zaidi. Kwenye barua yake ya utetezi aliandika kwamba alifanya yote kwa nia njema, ili kulinda jina la kituo. Kwa Pacha hajawahi kukanyaga. Hadi leo, Sajini akiwa amepiga magoti kando ya barabara akifungua kifuniko kilichoshika kutu, akikumbuka yale maneno mawili, nia njema, huibana bisibisi mpaka ule mkono wa kushoto ukamuuma.