Malkia wa Sukuma

Tangu nianze tibakemikali ya saratani, mume wangu Okko amejipa udaktari. Dirishani kaotesha mbegu za brokoli kwenye mitungi, na kila asubuhi ananiletea kiganja cha machipukizi.

"Kula, Imke. Ule ukali wake unatuliza kichefuchefu. Wanasayansi wanauchunguza."

"Basi wamalize kwanza kuchunguza."

Daktari wa kweli alikuwa na maneno machache: mboga ya kwenye sahani sawa, unga wa brokoli ulionunuliwa mtandaoni tupa, na Jumatatu nikipimwa chini ya kilo hamsini, dozi inaahirishwa. Niliogopa. Kila chakula kilikuwa na ladha ya misumari.

Jumamosi ya kabla ya kipimo hicho ikawa siku ya matembezi yetu ya sukuma pamoja na marafiki, kama kila Februari. Mnakokota mkokoteni wa vinywaji kwenye baridi hadi mkahawani, mnapimwa uzito, mnakula sukuma na soseji, mnapimwa tena. Aliyeongezeka zaidi anavikwa ufalme, yaani mkufu wa taya la nguruwe. Nilipopanda mizani ikasema arobaini na tisa na nusu. Hakuna aliyecheka.

Mezani, rafiki yetu Tjark, mtu wa kumaliza sufuria peke yake, akasukuma sahani baada ya vijiko vitatu.

"Nimeshiba, shemeji."

"Wewe? Lini umewahi kushiba wewe?"

Akatazama dari. Kumbe wote walikuwa wanadonoadonoa. Nikapandwa na hasira, maana sipendi kuhurumiwa. Nikamwaga haradali juu ya sukuma, nikala. Ukali ukanipanda puani, misumari ikatoweka. Nikaongeza sahani ya pili.

"Haradali na brokoli ni ukoo mmoja!" Okko akashangilia. "Sikusema mimi?"

"Nyamaza, nakula."

Mizani ikasoma hamsini na robo. Wengine, ajabu, walikuwa wamepungua wote. Nikachungulia chini ya meza, nikakuta buti kumi na mbili zimepangwa.

"Tjark, mbona huna viatu?"

"Vinabana, shemeji."

Waongo wakubwa! Nilitaka kuukataa ule mkufu wa taya la nguruwe, lakini Okko alishanivika. Na anayeuvaa ndiye anayepanga matembezi ya mwaka ujao. Tangu Septemba, nilipoanza matibabu, sikuwa nimepanga jambo lolote la kuvuka Jumatatu ya dozi inayofuata.

Nikamwita mwenye mkahawa.

"Mwakani, Jumamosi ya pili ya Februari. Na hawa wapimwe miguu mitupu, kabla na baada."

"Meza ya watu wangapi?"

Nikawahesabu, nikajihesabu na mimi.

"Saba," nikasema.