Bakuli la Dang'a

Pilipili ziliungua na hakuna aliyekohoa.

Mama mkwe alikuwa amezizungusha juu ya Harni, kutoka pembe hadi mkia, pamoja na chumvi na punje za haradali, kisha akazitupa kwenye makaa. Kwetu, moshi wa pilipili ukikukaba koo, mambo ni salama. Usipokukaba, kuna jicho la mtu. Tulisimama zizini tukivuta pumzi kwa nguvu, kila mmoja akitamani mwenzake akohoe. Kisha nyuso zikageuka, moja baada ya nyingine, zikaniangalia mimi.

Zilikuwa pilipili za mwaka juzi, zimeota ukungu guniani. Hilo nililisema moyoni tu.

Harni alikuwa chini, shingo imejikunja, kichwa amekiegemeza ubavuni. Ndama wake, aliyezaliwa jana yake, alikuwa akilia kambani. Bhiku, kaka wa mume wangu na mwenye ng'ombe, hakunisemesha. Alimwambia mume wangu mbele yangu, kana kwamba mimi ni nguzo ya zizi: "Dagadu, huyu ng'ombe akifa, mkeo anarudi kwao. Na nisije nikaombwa msamaha hapa."

Dagadu alikuna kidevu, akachukua baiskeli, akatoka bila kuniaga. Niliolewa na mwanamume mpole, na siku ile upole wake niliuchukia.

Nyumba yetu ilikuwa imegawanywa mwaka uliotangulia. Ndugu wawili, majiko mawili, na ukuta wa matofali katikati ya ua, mfupi kiasi kwamba ukinyoosha shingo unaona mwenzako anapika nini. Mama yake Harni nilikuja naye mimi kutoka kwa wazazi wangu nilipoolewa. Wakati wa kugawana, mama mkwe alisema ng'ombe hufuata zizi, na zizi lilibaki upande wa Bhiku. Kwa hiyo ndiyo, nilikuwa na kinyongo. Lakini tangu lini kinyongo kikamwangusha ng'ombe?

Harni alipozaa, nilichungulia ukutani nikasema kwa furaha tupu, "Jamani, kiwele hicho! Kitapasuka!" Yesabai, mke wa Bhiku, alivuta ncha ya sari yake akamfunika ndama. Hapo ilinipasa nijue.

Walimkamua mpaka tone la mwisho. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, sisi huyatia sukari guru na iliki, tukayapika kwa mvuke hadi yagande, na kila nyumba ni lazima ionje. Niliyaona mabakuli yakipita mlangoni kwangu, kwenda kwa dada zake Yesabai, kwa mwalimu, hata kwa fundi baiskeli. Kwangu hayakusimama. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Jioni Harni akaanza kuyumba. Nikamsikia mama mkwe ng'ambo ya ukuta: "Yule hajaonja. Roho yake imeng'ang'ania kiwele. Mkamueni tena, mpelekeeni bakuli lake."

Wakamkamua tena, miguu inamtetemeka. Baadaye Yesabai akaja na bakuli.

"Haya, Malan. Lako hili."

"Leo mmenikumbuka?"

"Mama kasema ule."

"Wewe umekula?"

"Nimeshiba mie."

Alisimama pale mlangoni akingoja nimeze. Kusimama kwake ndiko kulikonitia wasiwasi. Aliyekuletea chakula kwa wema huweka akaenda zake, hakulindi. Nikamwambia nitakula na mume wangu, nikalifunika bakuli kwa sahani na kuliweka rafuni. Nililinusa mara nyingi nikitafuta harufu nyingine chini ya ile iliki. Asubuhi nilimpa paka kijiko kimoja. Akalamba, akaomba tena. Hata hivyo sikula.

Ndipo ikaja habari kwamba Harni hainuki, na zile pilipili.

Nilipokuwa nimesimama pale, sikujua Dagadu amekwenda wapi. Nilidhani amekwenda kwa baba yangu, kumwambia aje anichukue. Nikainama, nikamshika Harni sikio. Lilikuwa baridi kama mtungi.

"Toa mkono!" mama mkwe akapiga kelele.

"Ana baridi, Mama. Mguse mwenyewe."

"Baridi si umemtia wewe?"

Baiskeli ikaingia uani. Nyuma ya Dagadu alikaa Kadam, daktari wa mifugo, na mkoba wake mapajani. Nilimpenda mume wangu tena, papo hapo. Kadam alichuchumaa na kitu cha kwanza kushika kilikuwa sikio.

"Mmemkamua?"

"Kidogo tu," Bhiku akasema.

Kadam akaminya chuchu. Hakikutoka kitu. Akamtazama Bhiku, Bhiku akatazama paa.

"Mara mbili," Yesabai akanong'ona. "Mpaka mwisho."

"Basi chokaa ya mwilini mwake imetoka na maziwa, damu haina kitu. Hii ni homa ya maziwa, na jina lisiwadanganye, ng'ombe hupoa badala ya kuchemka. Mara ya pili mlikamua ya nini?"

"Ilikuwa yangu," nikasema.

Alimchoma sindano kwenye mshipa wa shingo, akaunga mpira wa chupa, kisha akatafuta mtu wa kumshikia chupa ili yeye asikilize moyo. Niliyekuwa karibu ni mimi. "Shika. Usiinue juu. Dawa ikiingia kwa kasi, moyo unasimama."

"Si huyo!" mama mkwe akalia. "Daktari, mpe mwingine yeyote!"

"Mama, mkono wako unatetemeka. Wa huyu umetulia."

Mkono wangu ulikuwa umetulizwa na hasira, hakujua. Watu wote waliacha kumtazama ng'ombe wakautazama mkono. Hata mimi niliutazama. Nilikuwa nimeambiwa kwa macho tangu asubuhi kwamba nina uwezo wa kuua, na sasa kweli ninao, inchi chache tu juu. Niliuogopa. Niliushusha kidogo, nikaubana kwenye mbavu, nikangoja.

Harni akatetemeka mwili mzima. Akacheua. Akaangusha kinyesi, na sijawahi kufurahia kinyesi kama siku ile. Halafu akainua makalio, akapepesuka, akasimama. Dagadu alilia bila kujificha.

"Siku tatu za kwanza mkamueni nusu," Kadam akasema akifunga mkoba. "Nyingine iacheni kiweleni."

Nikangoja mtu aniambie neno. Mama mkwe alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kama aliyeshinda kesi.

"Nilisema mimi. Aliyemwangusha ndiye kamwinua."

Sikurudishwa kwetu. Ila tangu hapo, kila ng'ombe alipozaa upande ule, bakuli la kwanza lilikuja kwangu, kabla hata ya miungu ya nyumbani, na mletaji alisimama mpaka nimeze. Ushauri wa daktari waliusikia, lakini mimi waliniogopa zaidi. Walikamua mpaka mwisho ili bakuli langu lijae, kisha wakamwita Kadam na chupa yake. Nami nilikula nikitazamwa, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kupata ladha yake.

Mwaka jana mama mkwe alifariki, tukauchoma mwili wake kando ya mto. Mwaka huu mjukuu wa Harni amezaa, na bakuli halikuja asubuhi. Halikuja mchana. Niliona uchungu uleule wa zamani, nikajicheka.

Jioni Yesabai akaja mwenyewe, nywele nyeupe, na kibakuli kama cha mtoto.

"Mbona kadogo?"

"Nyingine tumeiacha kiweleni. Daktari si alisema?"

"Alisema miaka ile, Yesabai."

"Miaka ile Mama alikuwepo." Akaketi kizingitini bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ukuta ujengwe. "Mwaka huu kijiji hakionji. Haka ni ketu wawili."

Akatoa vijiko viwili kwenye pindo la sari. Nilifurahi kweli. Nikachota, nikakileta kijiko karibu na mdomo, nikangoja ameze yeye kwanza.