Samaki wa Bi Amne Aliyefunga Sita

Mama mkwe wangu, Bi Amne, alizaliwa Kilwa, akaletwa Tabora kwa ndoa akiwa bado msichana. Miguu ilipoanza kumvimba uzeeni akajua kwamba bahari hataiona tena. Hakulalamika. Mvua ikinyesha tu alikuwa akisema kwamba maji ya huku hayana harufu.

Basi mume wangu, Mabruki, aliyekuwa mpishi wa behewa la chakula kwenye treni ya Dar es Salaam, akamletea mamake bahari sebuleni.

Tangi lilikuwa la Mzungu mmoja, fundi wa reli, aliyerudi kwao baada ya uhuru. Jirani alikuwa akilelea vifaranga ndani yake. Mabruki akalisugua, akaziba pembe upya, akaliweka juu ya meza ya mninga mahali ambapo jua la dirishani halifiki. Kila safari alirudi na debe la maji ya bahari, kifuniko amekikaza kwa mpira wa baiskeli, na wenzake wa treni wakawa wanamwita Mchota Bahari. Akaleta mchanga, akaleta mawe ya matumbawe yenye vitundu kama mkate wa kumimina, na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa lililoiva, wenye mikanda myeupe kiunoni.

Mashine ya kupuliza hewa hatukuwa nayo. Asubuhi na jioni nilichota maji kwa kata nikayamimina kutoka juu, pole pole, mpaka yatoe povu, samaki wapate pumzi. Yakipungua kwa joto niliongeza ya mvua, maana chumvi yenyewe hubaki palepale. Na maji ya zamani yalipotolewa hayakumwagwa uani. Bi Amne aliletewa beseni, akatia miguu ndani, mguu wa kushoto kwanza, akafumba macho. Wakati huo hakuna aliyemsemesha.

Habari zilienea mtaani. Watu walikuja kuona bahari, na nyumbani kwetu mgeni hatazamwi tu bila kupewa kitu. Bi Amne alisema samaki wale ni wageni wake kutoka kwao, kwa hiyo kila aliyeingia alikuja na chochote. Mmoja unga wa dagaa wa Kigoma, mwingine punje za wali, mwingine kipande cha andazi kilichofikichwa vizuri. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na wageni wake wa chama, nao wakatia mikono mifukoni. Samaki walidonoa kidogo, kilichobaki kikashuka mchangani. Sisi tulifurahi. Nyumba inayotembelewa ni nyumba yenye heri.

Mwaka sitini na tisa, kabla ya mvua za vuli, samaki mmoja akafa. Nilipoinua khanga tuliyofunikia tangi, asubuhi, nilimkuta juu ya mchanga, na juu yake imejaa minyoo. Si minyoo kama ya shambani. Hii ilikuwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na hudhurungi, mirefu kama kidole, pingili pingili kama tandu, na ubavuni manyoya meupe laini kama ya kiwavi. Mwanga ulipoingia ikarudi kwenye vitundu vya mawe, taratibu, kama watu walioshiba.

Bi Amne alitazama, akakaa chini. Alisema minyoo imemla mgeni wake.

Mabruki aliporudi safari akakuta mamake hajamaliza uji tangu juzi. Akatafuta pa kuweka hasira yake, akaiweka kwenye tangi. Alisema maneno niliyoyakumbuka kila nilipochota kata:

"Huyu aliyebaki naye akifa, Mama, maji namwaga. Siwezi kubeba madebe kutoka pwani nikichekwa njia nzima, kumbe nafuga minyoo."

Mamake akamjibu kwa upole kwamba tangi ni lake Mabruki, na mikono iliyobeba ni yake. Kisha akageukia ukuta.

Hapo ndipo nilipoamua kuitoa minyoo mwenyewe. Mabruki alipoondoka tena nikakunja mkono wa gauni, nikaingiza vidole kwenye kitundu, nikaukamata mmoja ulionona. Loo, yale manyoya si manyoya. Ni miiba myembamba kuliko upupu. Iliingia kwenye vidole vyote, ikavunjikia ndani, haionekani, na kila nilipojisugua ndipo ilipozidi kuchoma. Jioni vidole vilikuwa vimevimba, kata sikuweza kuishika.

Pelagia ndiye aliyenikuta. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki, mwenyeji wa Puge, na mumewe Bernardo alikuwa akirina asali misitu ya Usinge. Alinitazama nilivyoinua mkono hewani kama mtu anayeapa, akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akaenda kwake akarudi na bonge la nta. Aliiyeyusha kidogo kwenye kifuniko cha bati, akaipuliza mpaka ikawa vuguvugu, akanipaka vidole vyote. Ilipoganda akaibandua kwa mkupuo mmoja, na miiba ikaja nayo, imelala ndani ya nta kama vinyweleo vya paka. Akarudia mpaka vidole vikawa safi, akanikamulia ndimu. Nilitokwa machozi, nusu ya ndimu, nusu ya shukrani.

"Mayo Amne asijue," aliniambia, akimwita mama kwa Kinyamwezi chao. "Atasema minyoo imekula samaki, sasa inakula mkamwana."

Kesho yake tukaacha kushika kwa mikono. Tulitia dagaa mmoja kwenye kichupa cha dawa, tukakilaza mchangani wakati wa magharibi tulipofunika tangi khanga, na alfajiri nikakivuta kwa uzi. Kilijaa minyoo. Tukaimwaga, tukatega tena. Kikajaa tena. Tulitega mpaka Pelagia akasema labda inazaliwa mle mle kwenye kichupa. Maji nayo yalikuwa mazito, na samaki aliyebaki alikaa juu pembeni, mdomo wazi.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Bi Amne akatoa amri: haifai mgeni wake kulishwa mchana mbele ya waliofunga. Wageni nao walipungua, kila mtu kwake na swaumu yake. Samaki akawa anapata futari, chembe moja ya dagaa kwa mkono wa Bi Amne mwenyewe, akishaila, basi.

Sikutegemea lolote. Nilikuwa nachota kata yangu nikiwa nimefunga, midomo imekauka. Lakini mfungo ulipofika katikati niliona mawe ya upande wa pili wa tangi, ambayo nilikuwa nimesahau yalivyo. Samaki aliteremka akawa anapita kati yake. Kichupa kilitoka na minyoo michache, halafu na mmoja mwembamba, na siku nyingine kitupu. Nikamwita Pelagia. Tulisimama mbele ya kioo, yeye akasema:

"Shoga, minyoo haikumuua mtu. Sisi ndio tulioiita kwa maandazi yetu. Ilikuwa inafagia makombo yaliyoozea mchangani."

Nilimweleza Bi Amne. Alifikiri sana, akasema la minyoo amelielewa. Linalomshinda ni Idi. Watu watarudi na mikono yao imejaa, na yeye katika umri wake hajawahi kumrudishia mtu alichomletea mgeni wake. Na maji yakichafuka tena samaki akafa, mwanawe ameshasema atayamwaga.

Idi ikaja. Idi mosi kila mtu alishinda na jamaa zake; Idi pili wa kwanza kuingia alikuwa balozi, na karatasi ya visheti. Bi Amne alimkaribisha, akakaa wima kitini, akasema bila kupepesa:

"Ahsante, baba. Lakini huyu anafunga sita. Tupe sisi."

Balozi akatazama samaki, akatazama visheti, akasema Mungu amtakabalie. Zile siku sita za Shawali zikaisha, na samaki akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine alikuwa analipa deni. Pelagia akauliza, kwa haki, kama samaki atafunga na Kwaresma yao pia. Bi Amne akasema huyu ni wa dini zote, jirani mwema hachagui. Watu walicheka, wakaketi, wakala visheti vyao wenyewe, na hakuna aliyeondoka na kinyongo.

Mabruki aliporudi aliweka debe sakafuni, akachutama mbele ya tangi kwa muda mrefu. Mnyoo mmoja ulitoa kichwa kwenye kitundu, ukaokota kitu mchangani, ukarudi. Alitoa maji ya zamani, akatia mapya, akalibeba beseni yeye mwenyewe, kazi ambayo siku zote ilikuwa yangu, akapiga magoti akaliweka miguuni pa mamake. Akamtia mguu wa kushoto majini, kisha wa kulia.

Bi Amne alifumba macho. Mimi na Pelagia tulitoka uani, tukaacha mlango umeegemezwa.