Jina Lisilotamkika

Miaka kadhaa baada ya uhuru, kilima chao kilikuwa bado kinaitwa Fosta, jina la Mzungu aliyelima chai pale kisha akauza vyake na kwenda. Jambo hilo lilimkera sana Nyanchama, mwalimu mgeni kazini, msichana mwenye haya hata salamu zake zilikuwa kama za kuomba radhi. Basi baba yake mdogo, Mogire, alipomwambia kwamba serikali imekubali jina la zamani lirudishwe, machozi ya furaha yalimlengalenga.

"Sisi wanaume tumelisahau," Mogire alisema. "Mama analijua, lakini mimi hanielezi. Wewe mjukuu hawezi kukunyima."

Nyamoita, bibi yake Nyanchama, alilijua kweli. Wanawake walilihifadhi ndani ya wimbo wa kupalilia wimbi, walipolimiana mashamba kwa zamu, na wimbo ule haukuimbwa wanaume wakiwapo. Ulimsifu Bosibori, mjane aliyeivumbua chemchemi wakati wa njaa, asimnyime maji mtu yeyote. Kwa ajili yake kilima kiliitwa Riabosibori.

"Wakilipata watalifanyia nini?" bibi aliuliza.

"Watalirudisha, magokoro, bibi yangu. Naapa."

"Usiape, mtoto we! Hata uji bado unakuunguza." Akacheka. Lakini alijifunga leso, akaenda kwa mwanawe, akasimulia yote, pamoja na siku ile mgeni mmoja alipofika na kibuyu kitupu akiomba maji. "Mgeni huyo ni baba mkwe wangu," alisema akiinamisha macho. Jina la mkwe wake, Makori, lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake tangu aolewe. Mke wa Kigusii hataji jina la baba mkwe.

Siku ya baraza Nyamoita aliketishwa mbele, amevaa gauni la kanisani. Mogire alisimama, akasimulia njaa, chemchemi na kibuyu. Alisimulia vizuri. Ila aliyeivumbua chemchemi sasa alikuwa babu yake.

"Kuanzia leo, hapa ni Riamakori! Semeni!"

Wanaume waliitika kwa kishindo. Wake wa ukoo walitazama chini, midomo imefumbwa. Nyanchama alitaka kusimama. Akabaki ameketi.

Baadaye alimfuata Mogire nyuma ya jukwaa. "Baba mdogo, umemwibia mama yako."

"Wapimaji wa ardhi wanakuja, mwalimu," alijibu kwa upole, kama anayemfundisha. "Chemchemi itaandikwa kwa wenye jina. Ulitaka iende kwa wajukuu wa mjane? Wewe nawe utakunywa maji hayo hayo."

Bibi hakumkemea Nyanchama. Angemkemea ingekuwa nafuu. Alichosema njiani ni kimoja tu: "Ulikuja na mdomo wako mtamu, nami nikafungua wangu."

Jumamosi walikwenda sokoni Keumbu. Asli, mwuza vitambaa aliyehamia kutoka mjini, alimpimia Nyamoita kitambaa huku akimchangamkia.

"Mama, nyumbani ni wapi?"

Nyanchama alifungua kinywa amsaidie. Yeye angeweza kulitaja jina jipya. Hakuwa mke wa mtu. Angeweza kulitaja hata lile la kweli. Bibi alimshika mkono, akaubana.

"Hilo la kweli hulitoi tena," alimnong'oneza.

Kisha akamgeukia Asli.

"Fosta," alisema. "Natoka Fosta."